Shahidi wa Kwenye Usukani

Kamera ile iliingia nyumbani kwetu Mwabungo ndani ya mfuko wa tende, katikati ya makopo mawili ya halua. Kaka yangu, ambaye ni dereva Muscat, aliituma kwa mkono wa mtu aliyekuwa akirudi likizo, na juu ya mfuko akaandika kwa kalamu nene jina la mume wangu, si langu, ingawa halua niliiagiza mimi. Ilikuwa ndogo kama kiberiti, nyeusi, na jicho moja lililotukodolea sote tulipokuwa mkekani tukilamba vidole. Mamangu mkwe aliigeuza huku na huku, akaiweka chini kifudifudi, akasema, "Kitu kinachotazama bila kupepesa si kitu cha kuingiza nyumbani."

Mume wangu, Baba Watoto, alikuwa na sababu zake za kuiagiza. Yeye hutunza stoo ya hoteli moja Diani, na huenda kazini kwa baiskeli. Hutoka kwetu akashika barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, akapanda nayo mpaka Ukunda, kisha akakunja kulia kuelekea baharini. Barabara ile hubeba kila kitu: matatu za Msambweni zinazokimbilia abiria, malori ya Tanga, trela za miwa za upande wa Ramisi, boda boda, tuktuk, na mbuzi, ambao ndio pekee wanaopishwa na wote. Mwendesha baiskeli huachiwa ukingo wa lami wenye mchanga na vigae vya chupa. Jioni moja, karibu na Kona ya Musa, matatu ilimpita kwa karibu mno ikamkwaruza kiwiko, naye akaingia mtaroni yeye, baiskeli na trei nzima ya mayai. Mayai yalikuwa ya mamangu mkwe.

Kituoni tukio liliandikwa kwenye kitabu, akapewa namba ya OB, kisha akaulizwa maswali ambayo hata mimi ningeyauliza. Namba ya gari? Shahidi? Baba Watoto alikumbuka jambo moja tu, kwamba kioo cha nyuma cha matatu ile kiliandikwa "Subira". Afisa aliyekuwa zamu akamwambia kwa upole kwamba kwenye barabara ile Subira ni nyingi.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wake, mwenye boda boda na simu isiyolala, akamletea habari za Mike van Erp. Huyu ni mtu wa London aliyekulia Zimbabwe, na babake aliuawa huko na dereva mlevi mwaka 2006. Huzunguka London kwa baiskeli akiwa na kamera, akiwanasa madereva wanaoshika simu. Mwaka 2019 alimnasa mwongozaji filamu Guy Ritchie, na mwaka uliofuata mahakama ikamnyima Ritchie ruhusa ya kuendesha gari kwa miezi sita. Baba Watoto aliisikiliza habari hiyo kiwiko kikiwa kwenye bandeji, na nikaona uso wake unabadilika. Mamangu mkwe aliuliza swali moja tu. "Na huyo Ritchie, mayai alilipa?"

Kufunga kamera kwenyewe kulikuwa kisa. Kishikio cha plastiki kilichokuja nayo kilivunjika siku ile ile kwenye njia yetu ya kutokea barabarani, ambayo ni mawe ya matumbawe na mashimo yaliyozidi ukubwa wa sufuria zangu. Fundi baiskeli akaikaza kwenye usukani kwa ukanda wa tyubu kuukuu, na ikawa haitikisiki tena. Kisha kadi ikaanza kujaa kabla hajafika Ukunda. Kamera za namna hii huandika mfululizo, na nafasi ikiisha hufuta picha za zamani na kuandika juu yake. Lakini ndani mna kihisi cha mshtuko. Kikishtuka, faili ile hufungwa isifutwe, kwa kudhaniwa kwamba pametokea ajali. Waliotengeneza mtambo huo hawajapita kwetu. Kila shimo lilihesabiwa ajali, kila tuta likawekwa kumbukumbu, na kadi ya Baba Watoto ikajaa ajali tupu ambazo hazikutokea. Binti yetu, anayesoma chuo Mombasa, alikuja wikendi akakipunguza ukali kile kihisi, akamkanya babake asibonyeze kitu kingine chochote.

Basi ikaanza sinema. Kila baada ya isha Baba Watoto huchomeka kadi kwenye televisheni, akakaa na rimoti, akatuonyesha safari yake ya siku hiyo. Kwanza tulikuwa sisi wa nyumbani. Halafu jirani wa kushoto akaja kuazima chumvi akabaki. Halafu chumvi ikaacha kutajwa, wakawa wanaingia na viti vyao.

Baba Watoto alitaka watu waone magari yanavyompita. Mamangu mkwe hakutazama gari hata moja. Yeye alitazama pembeni ya barabara, na macho yake, ambayo siku zote hayaoni kutunga uzi kwenye sindano, yaliona yote. "Simamisha. Rudisha. Huyo aliyeegemea kibanda cha madafu si yule aliyeniambia yuko Kwale kwa matibabu, nikamngojea deni la nazi?" Deni lililetwa alfajiri, na mdeni mwenyewe, na salamu nyingi. Siku ya pili alionekana shemeji yangu amepakia mshikaki, abiria watatu nyuma na gunia la mkaa mbele, kofia ngumu ikining'inia kwenye kioo. Siku nyingine, na hapa nilijitahidi sana kutazama kwingine, alionekana mamangu mkwe mwenyewe. Magoti yake yalikuwa yamemkatalia kunifuata shambani kupalilia mihogo, lakini kwenye televisheni alikuwa amejifunga leso mpya, anakata mguu kuelekea Galu kwenye vugo la harusi, na boda boda aliyempungia mkono kumpa lifti, yeye alimpita bila kumwona kwa mwendo aliokuwa nao. "Yule si mimi," alisema. Hakuna aliyebisha. Leso ile ile alikuwa amejifunga pale pale mkekani.

Kaka yangu hakutuambia kwamba kamera ina maikrofoni. Hilo lilijitokeza lenyewe.

Lazima nieleze kwamba daktari wa Msambweni alikuwa amemwambia Baba Watoto sukari yake imepanda, aache vya kukaangwa na vya unga mweupe. Tangu siku hiyo namchemshia muhogo, namtilia mchicha, nazi naipitisha kwa mbali. Alikuwa akila kwa huzuni iliyonitia imani. Usiku ule sinema ilifika Ukunda, kisha picha ikatulia: baiskeli imesimama. Kamera imeelekea karai. Mafuta yanatokota. Mkono wenye saa tuliyomnunulia Idi unaingia, unatoa kiazi kimoja chenye koti la manjano, unarudi, unatoa kingine. Halafu sauti yake, wazi kuliko anavyoongea nyumbani: "Ukwaju mwingi. Na mahamri mawili ya kulia njiani."

"Na mkeo?" sauti ya mama muuzaji ikauliza.

"Yeye amenichemshia muhogo."

Mkekani palikuwa na watu wa kutosha harusi ndogo. Wote wakawa kimya. Baba Watoto alikuwa akiitafuta rimoti, nami nilikuwa nimeikalia.

Kesi hiyo niliiamua mwenyewe na sitaeleza hukumu. Lakini asubuhi yake mama wa viazi karai alikuja hodi, hasira zimempanda, akisema uso wake na karai lake vimeonyeshwa mtaa mzima bila ruhusa, na kwamba kuna wateja wengine waume wa watu ambao sasa wanaogopa kusimama. Binti yetu aliulizwa kwa simu. Akasema Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na kwamba mtu anayerekodi kwa mambo yake ya binafsi na ya nyumbani haguswi nayo. Ila akauliza: majirani wangapi walikuwa kwenye mkeka? Nilipomtajia akacheka mpaka simu ikakatika. Sinema ikafungwa kwa umma siku hiyo, na mama wa viazi akaondoka na kopo moja la halua.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilihusu saa. Picha ya jioni moja ilimwonyesha Baba Watoto yuko stendi ya Ukunda, na kwenye pembe ya chini ya kioo tarakimu zikasema 18:40. Mamangu mkwe hasomi Kiingereza lakini tarakimu anazisoma. "Saa moja kasoro dakika ishirini," akasema polepole. "Saa hiyo juzi alikuwa msikitini hapa, saf ya kwanza. Imamu alimwona. Mimi mwenyewe nilimpa kanzu." Akatugeukia. "Basi huyo aliye Ukunda juu ya baiskeli ya mwanangu ni nani?"

Tulijaribu kumweleza. Kaka yangu aliitegesha saa akiwa Oman, na Oman imetutangulia saa moja. Hakutaka kusikia habari za Oman. Alifukiza ubani usukani, tandiko, magurudumu yote mawili, na kamera yenyewe, ambayo ilirekodi moshi mtupu na dua yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa usalama wa nyumba binti yetu alikuja tena akairudisha saa ya kamera iwe ya Kenya. Nakumbuka aliguna akisema kamera yenye saa ya uongo kesho na keshokutwa itamwangusha babake mbele ya hakimu, maana wakili wa upande wa pili atauliza swali lile lile la bibi.

Habari ya kima nitaipitia upesi, kwa kuwa Baba Watoto hapendi isimuliwe. Diani wanajua kwamba kima haibi kwa njaa, anaiba kwa dharau. Kamera ilikuwa imeshikwa na vidole vya mafuta ya bajia (naam, kesi nyingine), na baiskeli ilikuwa imeegeshwa chini ya mti nyuma ya jiko la hoteli. Kima aliuchana ule ukanda wa tyubu kwa meno akapanda nayo. Picha ilianza na koo la kima, pana na lenye giza. Baadaye ikaonekana Barabara ya Ufuo kutoka juu, kwa sababu mwizi aliamua kuvukia kwenye daraja la kamba. Madaraja hayo yametundikwa na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa pale Diani mwaka 1997, ili mbega wavuke juu kwa juu wasigongwe na magari. Kima nao huyatumia bila kuomba. Kwa hiyo tuna picha ya mapaa ya tuktuk yakipita, na kipara cha mume wangu kikikimbia chini huku na huku, mikono juu. Kima alipogundua kuwa haimung'unyiki akaitupa. Mimi siku zote nikiitazama picha ile hujiambia kwamba mbega wa Diani wana njia yao, na mimi nina mume anayepitia pasipo na njia.

Kisha likaja jambo lenyewe.

Ilikuwa jioni, jua liko nyuma ya minazi, Baba Watoto anarudi. Probox nyeupe ilimpita kwa karibu, kioo chake cha pembeni kikamgonga mkono, akaanguka. Gurudumu la mbele lilijikunja, kifundo cha mkono kikavimba. Gari lilisimama hatua chache mbele, likangoja kidogo, likaondoka. Alikuja nyumbani kwa miguu akiiburuta baiskeli, na badala ya kulia maumivu alikuwa anatabasamu. "Ninaye," aliniambia mlangoni. "Mama Watoto, Ritchie wangu ninaye."

Kihisi kilikuwa kimefanya kazi yake safari hii, faili imefungwa. Alikuwa amepita kituoni kwanza akaandikisha, akapewa OB. Binti yetu alimpigia akampa masharti. Asimtumie mtu yeyote video ile kwa WhatsApp akadhani huo ndio ushahidi, kwa kuwa ikipitia huko hubanwa na hupoteza alama zake. Kadi yenyewe itolewe ihifadhiwe, isiandikwe tena juu yake. Na ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka picha za aina hiyo zifuatane na cheti kilichosainiwa na mwenye dhamana ya chombo, kinachoeleza ni chombo gani na picha ilipatikanaje. Baba Watoto aliandika yote hayo kwa mkono wa kushoto.

Tukafunga mlango tukaitazama sisi wenyewe. Namba ya gari ilisomeka herufi kwa herufi. Dereva alionekana ubavuni, kofia ya kiua, simu sikioni. Mamangu mkwe alisogea mbele mpaka pua ikakaribia kioo. "Simamisha," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Huyo ni ami yake bibi harusi."

Shemeji yangu, ambaye alikuwa amejilaza, aliketi wima. Posa yake ilikuwa imekubaliwa, na kikao cha kupanga mahari na mengineyo kilikuwa Jumapili hiyo. Binti hana baba. Ami huyo ndiye walii wake, ndiye atakayemwozesha. Shemeji alimtazama kaka yake, akamtazama mama yake, akaniangalia mimi. Akasema, "Basi mimi nimekufa."

Tulibishana usiku mzima. Baba Watoto alitaka kwenda mbele: ana namba, ana uso, ana saa sahihi, ana kifundo kilichovimba. Shemeji alisema mkwe hashtakiwi. Mimi nilikuwa upande wa mume wangu, na bado niko. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 1.19 wanaouawa barabarani kila mwaka, na hapa Kenya ni zaidi ya 4,000, wengi wao wa miguu na wa magurudumu mawili. Mwendesha baiskeli atakayepitwa kesho na Probox ile hana shemeji anayetaka kuoa. Lakini nyumbani kwetu mimi ni mkaza mwana, na mwenye neno la mwisho alikuwa amekaa anakuna nazi kwenye mbuzi, anasikiliza. Alipomaliza kifuu akasema, "Waje Jumapili. Mkaza mwanangu, pika vizuri. Hakuna mtu kusema lolote."

Walikuja. Wanaume barazani, wanawake ndani. Chai ya tangawizi, mahamri, mbaazi za nazi, na ami yake bibi harusi akila kwa utulivu wa mtu asiye na jambo. Alimtazama Baba Watoto na mkono wake uliofungwa akampa pole. Mazungumzo yakaanza. Mahari yalitajwa, tukayakubali papo hapo bila kupunguza, maana hayo ni haki ya binti na mamangu mkwe alikuwa ametuonya yasiguswe. Mkaja wa mama ukapita. Kikafika kilemba cha ami. Akataja kiasi kilichomfanya shemeji yangu kumeza mate kwa sauti.

Hapo pazia likafunguka, mamangu mkwe akatokeza, akasema kwa adabu zote, "Kabla hatujaendelea, wageni hawajaonyeshwa kazi ya mwanangu. Ingieni ukumbini."

Gari lilipotokea kwenye kioo, ami alisema, "Probox nyeupe ni nyingi." Namba ilipotokea, hakusema. Halafu ikafika sehemu ambayo sisi usiku ule tulikuwa hatujaisikia vizuri kwa kelele zetu wenyewe. Gari limesimama mbele, kioo cha dirisha kiko chini, picha imelala ubavu inaonyesha majani, na sauti ya mtu anayeongea na simu inasikika: "Ngoja, nimegusa kitu. Aah, ni baiskeli tu. Ehe, nilikuwa nasema, hao wa Mwabungo kilemba tusiwashushie. Wana ndugu Muscat."

Aliyecheka kwanza alikuwa dada yake, mama mtu mzima mwenye pete puani. Alicheka akijipiga mapaja, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia isipokuwa watu wawili: ami, na Baba Watoto, ambaye alikuwa ameumizwa na lile neno "tu" kuliko na kile kioo cha gari.

Binti yetu, ambaye hakupaswa kuzungumza mbele ya wazee, alizungumza. Alisema kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zinatoza shilingi 2,000 kwa anayeshika simu akiendesha, na kwamba hiyo ni kabla ya kufika kwenye kugonga na kuondoka. Ami akaingiza mkono mfukoni upesi. Mamangu mkwe akamzuia. "Elfu mbili ni za serikali, mwanangu. Zangu ni kilemba."

Kilemba kikafutika. Gurudumu jipya likaandikwa, na gharama za hospitali. Kisha, wakati watu wamekwisha kunyanyuka, akaongeza trei moja ya mayai. Shemeji alijaribu kumnong'oneza kwamba yale mayai yalivunjwa na matatu, si na huyu. Akamtupia jicho. "Barabara ni ile ile," alisema.

Harusi imepita na bibi harusi yupo, msichana mcheshi, ameshajua jamvi la nani liko kwa nani. Ami yake amemwomba kaka yangu amtumie kamera ya garini. Baba Watoto amenunua kadi nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza mama yake anayo na hataki kuitoa, anasema ndoa bado changa. Asubuhi anapoitoa baiskeli, mamangu mkwe humfuata mpaka njia panda, magoti na yote, kumpa maagizo.

"Ijumaa usipitie Ukunda moja kwa moja. Pitia Galu kwanza, polepole, macho upande wa kushoto. Kuna mtu anaapa kwamba kinu changu hakukichukua."